Barua ya Uhamisho kwa Msitu wa Kweleni

Nchi ninayotaka kuwasimulia msiitafute kwenye ramani. Mkiikosa mtaniita mwongo, na mkiipata mtaniponza. Tukubaliane tu kwamba iko mbali sana na kwetu, ng'ambo ya ng'ambo, na watu wake hawafanani na sisi hata kidogo. Kwao mkubwa akisema upuuzi wadogo hupiga makofi, jambo ambalo hapa kwetu, kama mjuavyo, halijapata kutokea.

Basi kiongozi wa nchi hiyo, aliyeitwa Mtukufu Mlezi, alialikwa kwenye mkutano wa mataifa kuzungumzia dunia inavyozidi kupata joto. Alikaa siku tano, akala vizuri, akasinzia kwa adabu. Siku ya mwisho mtaalamu mmoja mwenye mvi alimshika mkono akamwambia kwamba Msitu wa Kweleni, ulioko kaskazini mwa nchi yake, unaifanyia kazi dunia nzima mchana na usiku, bila likizo wala malipo. Masikini mtaalamu wa watu alikuwa anasifu. Mtukufu yeye akasikia shutuma. Njia nzima ndani ya ndege hakugusa chakula, akawa anamuuliza msaidizi wake, "Bila likizo? Bila malipo? Si watasema nafuga watumwa?"

Alipotua tu, akatangaza. Kuanzia siku hiyo kila mti wa Kweleni ni mtumishi wa umma, mwenye namba ya ajira, haki zote na wajibu wote. Redio ya taifa ikapiga ngoma kutwa. Wanawake wa chama wakacheza uwanja wa ndege mpaka visigino vikachubuka. Hakuna aliyeuliza mti utasaini wapi.

Hapo ndipo anapoingia mtu wangu. Aliitwa Gaudensi Lukwaro, bwana misitu wa Kweleni kwa miaka ishirini na miwili. Alikuwa mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni, na aliujua msitu ule kuliko wengine wanavyojua nyumba zao. Alilelewa chini yake, katika kijiji cha Kweleni Chini, na shangazi yake Melania, dada wa baba yake, aliyelima iliki kivulini mwa miti mikubwa. Iliki hiyo ndiyo iliyomsomesha mpaka chuo cha misitu. Kwa hiyo mkimwona baadaye anafanya mambo ya ajabu, msiseme hakujua.

Amri ilipofika, Gaudensi hata alifurahi. Alijua kwamba mtumishi wa umma katika nchi ile hafukuzwi kirahisi. Kuna barua, kuna kamati, kuna rufaa. Akajiambia kwamba mti mwenye namba ya ajira hautaguswa na shoka. Akachukua rangi nyekundu na brashi, akaanza kuandika namba kwenye magome, yeye na vibarua thelathini, miezi minne mfululizo. Siku ya kiapo jaji alikuja na joho lake, akasoma kiapo kwa kipaza sauti, upepo ukapita, majani yakatikisika kidogo, na karani akaandika: Wameapa wote.

*

Mwaka haujaisha, akaja Waziri wa Utumishi na Uoto, Mheshimiwa Nasibu Mtambalike. Alikuwa na suti ya rangi ya majani mabichi na tumbo lililotangulia kufika kila mahali. Akatembea hatua kumi ndani ya msitu, akafuta jasho, akasema, "Bwana Lukwaro, hawa watumishi wako tangu nimefika wamesimama tu. Kazi yao hasa ni nini?"

Gaudensi alikuwa amelisubiri swali hilo maisha yake yote. Akaeleza. Akasema mti hunywa maji kwa mizizi na kuyapumua kwa majani, na pumzi hiyo ya miti laki kadhaa ndiyo ukungu wanaouona asubuhi, na ukungu huo ndio mawingu ya mchana. Akasema mvua ya Kweleni nusu yake inapikwa hapahapa, na inayobaki husafiri na upepo mpaka nyanda za kusini, ikavuka mpaka, ikawanyeshea majirani mtama wao. Akasema kivuli huipoza ardhi, mizizi huyashika maji yakatoka polepole kwenye chemchemi hata kiangazi, na moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima, hata wa watu wasiojua Kweleni iko wapi, mti huunyonya ukaufanya mbao na kuukalia humohumo kifuani. Alisema hayo kwa robo saa, macho yakimng'aa.

Waziri alikuwa na kijitabu. Alipoondoka, Gaudensi alichungulia akaona maneno matatu: Miti inaleta mvua.

Sasa, kusini mwa nchi ile kulikuwa na wilaya iitwayo Chungani, ambako mvua ilinyesha mwaka wa kwanza na wa tatu, na wa pili watu waliomba. Huko ndiko alikozaliwa Mheshimiwa Mtambalike, na huko ndiko alikopigiwa kura. Msinitazame hivyo, mimi nasimulia tu. Wiki mbili baadaye ikaja amri kutoka wizarani: miti laki mbili ya Kweleni inahamishiwa Chungani kwa manufaa ya umma, na iripoti kituo kipya ndani ya siku kumi na nne.

Gaudensi alipanda basi mpaka mji mkuu. Alimkuta Waziri anakunywa maziwa ya moto.

"Mheshimiwa," alisema, "kuna shida ndogo. Miti haihami."

"Bwana Lukwaro, hayo walimu wote wanasema." Waziri aliweka kikombe chini kwa upole wa mtu aliyezoea malalamiko. "Ukimpangia Chungani, mke anaumwa, mtoto yuko darasa la mtihani, yeye mwenyewe ana pumu. Wakifika wanazoea. Wengine wanaoa hukohuko."

"Mheshimiwa, nina maana kwamba haina miguu."

"Na mimi nina maana kwamba barua imeshasainiwa."

Mtu mwingine angebisha. Gaudensi alijikuna shingo, akasema sawa Mheshimiwa, akarudi na marobota ya barua juu ya basi. Ndivyo ilivyoanza, ndugu zangu. Hakuna siku moja aliyoamka akasema leo nitauza msitu. Alisema sawa, kisha sawa nyingine.

*

Barua zilipigiliwa misumari, kila mti na yake. "Kuh: Uhamisho wa Kawaida. Somo la hapo juu lahusika." Gaudensi alikuwa anapigilia karibu na shamba la iliki shangazi yake alipotokea na kikapu mgongoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Unawapigilia nini hao?"

"Barua."

"Za nani?"

"Zao. Wanahamishwa."

Bi Melania alitua kikapu. Aliutazama ule mvule, ambao babu yake aliukuta mkubwa, akaitazama karatasi, akamtazama mtoto wa kaka yake. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mdomo usiolala njaa.

"Haya ndiyo uliyokwenda kusomea?" aliuliza. "Maana magunia ya iliki niliyoyabeba kwa kichwa changu nayakumbuka yote."

Gaudensi alicheka kicheko cha mtu aliyebanwa mlangoni. Akasema ni utaratibu tu, shangazi, makaratasi, hayana madhara. Naye aliamini kidogo.

Kule Chungani walijiandaa kupokea wageni. Walipiga hema, wakachinja ng'ombe wawili, wakachora bango: KARIBUNI MITI, MJISIKIE NYUMBANI. Kwaya ya watumishi ilitunga wimbo wenye beti tisa. Siku ya kumi na nne Mheshimiwa Mtambalike aliketi kiti cha mbele tangu saa mbili asubuhi, jua likimwangukia, akitazama barabara ya kaskazini. Saa nane mchana akapita mbuzi. Saa tisa Waziri akasimama, paji la uso limebabuka, akasema kwa sauti ya kutetemeka, "Nimedharauliwa na miti." Wananchi wakapiga makofi kwa mazoea.

*

Katika nchi ile, mtumishi asiyeripoti kituo kipya hupewa barua ya kujieleza kwa nini asichukuliwe hatua. Kwa hiyo misumari ikarudi kazini. Magome yakajaa matundu kama ndui. Siku kumi na nne nyingine zikapita, na hakuna mti hata mmoja uliojieleza. Wizara ikaandika kwamba kunyamaza ni jibu, na ikaitisha kamati ya nidhamu.

Lakini Gaudensi, kwa kuwa alikuwa msomaji, aliisoma Kanuni za Utumishi kutoka jalada hadi jalada. Akakuta kanuni ya arobaini na moja. Ilisema mtumishi asiyeweza kujisemea atawekewa msemaji, na msemaji akitamka neno "napinga" mbele ya kamati, shauri litasimama hapohapo mpaka lisikilizwe na Baraza Kuu. Na Baraza Kuu la nchi ile hukutana mara moja kila miaka saba, likipata akidi, na kwa kumbukumbu za wazee halijapata kuipata. Na aliyeteuliwa msemaji wa miti, kwa kuwa hakukuwa na mwingine anayejua hata majina yao, alikuwa yeye mwenyewe, Gaudensi Lukwaro.

Alikimbia mpaka kwa shangazi yake, mtu mzima anakimbia, miwani imening'inia kwa uzi.

"Neno moja tu?" Bi Melania aliuliza.

"Moja tu, shangazi. Nikilisema, hawagusi jani mpaka tumezeeka."

"Na wakikukasirikia?"

"Wakasirike."

Shangazi alimpikia ugali na maharage, akamwekea nyama yote iliyokuwapo. Majirani walipopita kuazima moto aliwaambia, mwanangu ndiye atakayesema. Aliwaambia pia wasiouliza. Asubuhi ya shauri kijiji kizima kilipanda lori kwenda mjini, wazee wamevaa makoti ya harusi. Wote walijua kwamba wakipoteza miti watapoteza chemchemi, na wakipoteza chemchemi watakuwa na kazi ya kuhama wao, ambao miguu wanayo.

*

Mlangoni mwa ukumbi waliambiwa ataingia mwakilishi mmoja wa wananchi, na asiongee. Wakamchagua Bi Melania, wakabaki nje juani, pembeni ya magari makubwa ya kampuni iitwayo Ndugu Wawili na Shemeji. Magari yalikuwa yamebeba misumeno na yanaunguruma. Kampuni ilisema imepita tu.

Kabla ya kikao, katibu wa kamati alimwita Gaudensi chemba. Alikuwa mtu mwenye sauti laini na viatu visivyolia.

"Hongera, Bwana Mkubwa," alisema.

"Hongera ya nini?"

Katibu akafungua jalada kidogo, kiasi cha kuonyesha mstari mmoja: Uteuzi wa Bw. G. Lukwaro kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Misitu. Sahihi ilikuwapo. Tarehe haikuwapo.

"Tunasubiri tu siku ya leo ipite salama," katibu alisema. "Miaka ishirini na miwili porini, Bwana Lukwaro. Watu wanakuonea huruma. Na sisi hatukulazimishi kitu. Useme unavyoona." Akafunga jalada. "Ila Mtukufu anasikiliza redioni."

Ndani, mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Mtambalike mwenyewe, paji lake limepakwa mafuta. Alisoma mashitaka kwa nusu saa. Alisema watumishi hawa wamekaa kituo kimoja, baadhi yao miaka mia tatu, jambo linalozaa mazoea na rushwa. Wamekaidi uhamisho. Wamepokea barua mbili na kuziacha zilowe mvua. Wametoa mawingu ya umma kwa nchi jirani bila kibali cha kusafirisha nje. Hapo alikunywa maji, kisha akasema kwa uchungu, "Wametunza maji yetu chini ya ardhi, mahali ambapo serikali haiwezi kuyaona."

Ushahidi ukaletwa: daftari la mahudhurio la miezi kumi, halina sahihi hata moja. Wajumbe wakatikisa vichwa. Mmoja alilia, na ikaandikwa kwamba alilia.

"Msemaji wa washitakiwa," mwenyekiti akasema, "una la kuongeza?"

Gaudensi alisimama. Alikuwa na karatasi kumi na moja mkononi, ameziandika vizuri, ukungu umo, chemchemi zimo, mtama wa majirani umo, na mwisho kabisa neno lenyewe, amelipigia mistari miwili. Mstari wa tatu aliketi shangazi yake, khanga mpya, mikono juu ya magoti, ametulia kabisa. Alimtabasamia kidogo, vile alivyomtabasamia siku ya kwanza ya shule.

Akafungua mdomo. Akaiona ile sahihi isiyo na tarehe, akakumbuka Mtukufu anasikiliza. Akawaza kwamba pengine watamkatiza hata hivyo. Akawaza kwamba mtu mmoja hawezi kitu. Kuna mambo mengi ya kuwaza kama unatafuta sababu, na yote huja kwa pamoja.

"Sina la kuongeza, Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema.

Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Mwenyekiti alishangaa, maana alijiandaa kwa vita. Akamshukuru msemaji kwa ukomavu. Karani akaandika. Gaudensi akaketi, na kwa aibu akawa anazipanga zile karatasi kumi na moja upya na upya ili asitazame mstari wa tatu.

Miti laki mbili iliachishwa kazi siku hiyohiyo. Laki nyingine mbili na ushei, ambazo hazikuhamishwa popote, ziliachishwa kwa kushirikiana nazo.

Alipotoka nje, umma wa Kweleni Chini ulikuwa umemzunguka Bi Melania. Walikuwa wanauliza wote kwa pamoja: vipi, vipi, alisema? Gaudensi alisimama nyuma ya nguzo. Alimsikia shangazi yake, mwanamke ambaye hakuwahi kumpunja mteja hata punje ya iliki, akijibu kwa sauti kavu:

"Amesema. Amesema sana. Hawakumsikiliza."

Wanaume wakavua kofia. Mzee mmoja akaja akamshika Gaudensi mikono yote miwili, akamwambia Mungu akuzidishie. Naye, mtu wangu, akasema amina.

*

Mengine nitayapitia haraka, maana hayapendezi. Ndugu Wawili na Shemeji walifanya kazi nzuri. Kwa miezi minane milima ilinguruma, halafu ikanyamaza, na ukungu wa asubuhi haukurudi. Mwaka wa kwanza mvua ilichelewa, wizara ikaipa onyo. Mwaka wa pili ilikuja yote kwa siku mbili, ikateremsha udongo wa mlima mpaka milangoni mwa watu, ikaondoka. Chungani, ambako hata ile mvua ya zamani ilikuwa inatoka Kweleni bila wao kujua, haikunyesha mwaka wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Kwaya ya watumishi iligeuza wimbo wake kuwa wa maombolezo, beti zikabaki tisa.

Joto likapanda mpaka mabati yakalia usiku kucha na watoto waliokuwa wakicheza barabarani wakavuliwa viatu vilivyoganda kwenye lami. Serikali ikatangaza kwamba joto hilo ni la kigeni, limeingia nchini bila kibali, na Idara ya Uhamiaji ikaagizwa ilizuie mipakani. Maofisa walisimama barabarani wiki tatu. Waliopatikana ni wauza mitumba wawili.

Nchi jirani iliandika barua ya adabu kuuliza mawingu yao yamepatwa na nini. Mkurugenzi Mkuu wa Misitu, Bwana G. Lukwaro, aliagizwa kuijibu. Aliandika kwamba mawingu hayo yalikuwa yanavuka mpaka kinyume cha sheria, na sasa tatizo limedhibitiwa. Wakaja pia wataalamu wa ng'ambo na vyombo vyao, pamoja na yule mwenye mvi, wakauliza mbona hewa ya dunia imeongezeka moshi na msitu wa Kweleni hauonekani kutoka angani. Gaudensi aliwaonyesha picha kubwa ya msitu iliyotundikwa ofisini. Aliwaambia msitu upo, ila umestaafu. Mwenye mvi akafunga mkoba wake, hakuaga.

Ofisi ilikuwa na zulia la kijani na mashine ya kupoza hewa. Gaudensi alikaa humo akaogopa kila anayebisha hodi. Nawaambia wazi, hakuwa na raha. Alikuwa akitajiwa neno "kupinga" hata kwenye habari za mpira, anazima redio. Miaka mitatu hakwenda kwao. Alituma salamu, alituma sukari, alituma sababu.

*

Mwaka wa nne ilimbidi aende, maana aliambiwa Bi Melania amedhoofu. Gari la serikali lilimwacha barabarani kwa sababu daraja lilikuwa limekwenda na ile mvua ya siku mbili. Akatembea. Mlima ulikuwa mwekundu, umechanwachanwa na mifereji, visiki vimejipanga na namba zake bado zinasomeka, kwa mwandiko wake mwenyewe. Shamba la iliki lilikuwa mabua.

Nyumbani hakukuta mtu. Mtungi ulikuwa mkavu, akaona heri achukue ndoo awafuate watu kisimani. Chemchemi saba za Kweleni Chini zilikuwa zimebaki moja, na hiyo moja ilifukuliwa ikawa shimo, ikatoa maji kidogo kwa siku, halafu tope. Foleni ilikuwa ndefu, ndoo na madumu yamepangwa mpaka kanisani. Alipotokea, watu waligeuka.

"Si Gaudensi huyo?" akasema Mama Sikudhani, mwanamke mpana aliyekuwa analinda zamu. "Mpisheni. Huyu ndiye aliyetutetea."

"Hapana, hapana, nitasubiri," Gaudensi alisema.

"Usubiri wewe? Sisi wengine tulikuwa tumesimama juani, wewe ulisimama mbele ya mawaziri." Akamnyang'anya ndoo, akaipeleka mbele ya ndoo sitini, akaijaza mwenyewe kwa kibuyu, mpaka juu. Watu walimpa njia. Mzee aliyewahi kumwombea alimpigapiga begani. Naye akaipokea ndoo. Nataka mlijue hilo: aliipokea.

Karibu na mwisho wa foleni, juu ya jiwe, aliketi shangazi yake na dumu la lita tano. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ya mtoto. Gaudensi alipiga magoti kwenye vumbi.

"Shikamoo, shangazi. Nimekuletea maji. Twende nyumbani."

"Marahaba, baba." Alimshika shavu, mkono wake mkavu kama gamba. Akaitazama ndoo, midomo yake imepasuka, akageuza uso. "Hayo ni maji ya mtu aliyesema," akasema taratibu, ili wengine wasisikie. "Wewe nenda nayo. Mimi nasubiri zamu yangu."

"Shangazi, tafadhali."

"Niliwadanganya mara moja kwa ajili yako. Kuyanywa itakuwa mara ya pili."

Gaudensi alibaki pale ameshika mshikio wa ndoo. Aibu aliyokuwa anaikimbia miaka minne haikuwa na haraka. Ilikuwa inamsubiri hapohapo kijijini. Akasimama. Akairudisha ndoo mpaka mbele, akaimimina kwenye chombo cha mama mwenye mtoto mchanga aliyekuwa wa kwanza, akaenda na ndoo tupu mpaka mwisho kabisa wa foleni, nyuma ya shangazi yake, akaiweka chini.

Foleni nzima ikaguswa. "Mnaona?" Mama Sikudhani akawaambia. "Mtu mkubwa, mkurugenzi, na bado mnyenyekevu. Wangekuwa wote hivi nchi hii ingekuwa mbali." Watu wakaanza kupiga makofi, kwanza wachache, halafu wote.

Hilo ndilo lililomshinda.

"Sikusema," akasema Gaudensi.

Makofi yakaendelea kidogo, maana nyuma hawakusikia. Akapaza sauti: "Sikusema. Neno lilikuwa moja, nikalijua, nikaulizwa, nikajibu sina la kuongeza. Shangazi amenisitiri. Miti ile, aliyeiangusha ni mimi."

Makofi yalikoma. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemrushia jiwe, ingawa nadhani angeshukuru. Bi Melania alikuwa ametazama mbele, mikono juu ya magoti. Mama Sikudhani akainama, akachota kibuyu kingine, akaita, "Anayefuata."

Foleni ikasogea. Waliokuja baadaye, waliokuwa wamesikia njiani, walipita kimya kimya wakaweka ndoo zao mbele ya ile ya kwake, mmoja, halafu mwingine, naye akawapisha. Bi Melania zamu yake ilifika, akajaziwa dumu lake, akalibeba mwenyewe kwa mikono miwili akaondoka polepole. Gaudensi alitaka kumpokea, akakosa uso wa kumnyooshea mkono.

Katika nchi ile, mtu akijikwaa huambiwa pole. Mwizi akipigwa jua huambiwa pole. Hata adui yako akimwagikiwa na uji utamwambia pole kabla hujafurahi. Zamu ya Gaudensi Lukwaro ilipofika jua lilikuwa limeshuka, na kibuyu kikatoka shimoni na tope tupu. Aliinua uso akawatazama waliobaki. Wakamtazama, wakaokota ndoo zao, wakaenda.